Akifika Kumi Anachomoa

Rafiki yangu fundi wa kompyuta hajui kudanganya, hata ili apate ruhusa kazini. Basi sikia yaliyomkuta. Kompyuta ya ofisini kwao ilikuwa inazima kila mara mtu akichomoa kipaza sauti katikati ya kurekodi.

"Irekebishe leo, la sivyo kesho usije," bosi akamwambia.

Akajifungia nayo stoo isiyo na dirisha, taa yake imeungua. Anarekebisha programu, anarekodi, anahesabu kwa sauti, akifika kumi anachomoa. Jaribio la tisa, haikuzima.

"Nimekuweza!" akacheka.

Akaisikiliza rekodi. Nane, tisa, kumi, kisha mlio wa waya kuchomoka. Hapo ilipaswa kukatika. Lakini sauti yake ikaendelea, taratibu: "Kumi na moja. Kumi na mbili."

Akang'oa waya wa umeme ukutani. Kompyuta ikazima, giza likajaa stoo nzima.

"Kumi na tatu," ikasema sauti yake, karibu kabisa na sikio.