Fuata Sauti Yangu

Ncha ya mtandio wa Ikhlasi ilikuwa bado inavutwa nyuma yake alipomwona mgeni wake nje, amekaa juu ya jiwe kwenye jua kali, anamenya chungwa.

"Umechelewa kweli," mgeni alisema. Bi Graça alikuwa daktari wa meno mstaafu kutoka Ureno, mtu wa maneno mengi. "Mimi popo walipoanza kuruka nilitoka zangu. Nimekuita mpaka nimechoka. Hukusikia?"

Ikhlasi alisimama mlangoni mwa hekalu, nusu kivulini nusu juani, na hapo mtandio ukalegea shingoni mwake taratibu, kama mtu aliyeushika anafungua mkono kidole kimoja kimoja. Aligeuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Sisi wa ng'ambo ya magharibi ya mto tunaishi kwa mahekalu ya wafalme wa kale kama wengine wanavyoishi kwa mashamba. Ikhlasi alikuwa akiongoza wageni binafsi, mmoja mmoja au familia moja kwa siku, si yale makundi ya mabasi yanayokokotwa juani kama mbuzi wa mnada. Kilichomlisha kilikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito kidogo, tulivu, na ungemsikia akieleza ukuta ungeapa kauchonga mwenyewe. Binti yake Hanadi, wa miaka saba, alikuwa na sauti ile ile, hata baba yake, aliyekuwa Kuwaiti akiendesha winchi, akipiga simu huanza kwa kuuliza, "Wewe ni yupi?"

Bi Graça alitaka hekalu lisilo na watu, ndipo Ikhlasi akampeleka Kasri la Kipofu, lile hekalu dogo lililo nyuma ya mashamba ya miwa, chini ya mlima. Katika chumba chake cha mwisho, kisicho na dirisha, amechongwa bibi mmoja ambaye macho yake yalitobolewa kwa patasi zamani sana. Waongozaji wetu wana mwiko wao pale. Maelezo yote humalizwa nje, na mle ndani mtu huonyesha kwa tochi tu, mdomo umefungwa. Wageni tunawaambia ni kwa ajili ya popo.

Siku ile tochi ilizimika. Ikhlasi alisikia pumzi nyuma yake, nzito, akadhani ni mgeni wake ameshikwa na hofu, na huruma ikamshinda. Alitupa ncha ya mtandio nyuma akasema yale aliyozoea kuwaambia wageni wake kila penye giza: "Usiogope. Shika hapa, fuata sauti yangu. Mimi sikuachi." Kisha akaongea njia nzima mpaka nje.

Pale getini Mzee Zaghlul, mlinzi, aliutazama ule mtandio, akamtazama na yeye.

"Umeongea mle ndani?"

"Niongee na nani, ami? Tupishe, mgeni ana njaa."

Kwenye ncha ya mtandio palikuwa na alama nne nyeusi za masizi, ndefu kama vidole. Aliufua kwa sabuni jioni ile, akaufua tena. Hazikutoka.

Mwanzoni ilikuwa harufu tu. "Umetuletea hekalu zima nguoni," mama yake, Hajati Fathiya, alimtania huku akiziba pua. Harufu ya popo, kali, iliyochanganyika na majivu ya kale. Walifagia, wakachoma ubani, wakamwaga maji ya chumvi pembeni, na harufu ikabaki, ila ilikuwa inahama. Ikhlasi akiwa jikoni, inanuka jikoni. Akipanda juu ya paa kupokea simu, inapanda.

Kisha ukaja mkate. Hajati Fathiya alikuwa amepanga madonge ya unga juu ya paa yaumuke juani, kila donge kwenye kisahani chake cha udongo, kama ilivyo kwetu sote. Alipopanda kuyachukua, alipiga ukelele.

"Hanadi! Nani kakutuma uchezee mkate wangu?"

"Siyo mimi, Bibi! Wallahi siyo mimi!"

"Basi ni paka, sivyo? Paka ana vidole?"

Kila donge lilikuwa limetobolewa. Hanadi alitia kidole chake kwenye tundu moja kujitetea, na kidole kikapotea mle ndani bila kugusa mwisho. Madonge yaliyotobolewa yalianzia penye ngazi na kwenda kwa mstari mmoja mpaka kwenye pembe ya paa ambapo Ikhlasi, asubuhi ile, alikuwa amesimama akizungumza na mumewe kwenye simu. Ikhlasi aliutazama ule mstari mwanzo hadi mwisho. Hivi ndivyo anavyokwenda mtu asiyeona, akipapasa kila kilicho mbele yake, anapomfuata anayeongea.

Aliteremka akauchunguza ukuta wa ua. Juu ya chokaa, usawa wa kiuno, palikuwa na alama za masizi, mkono baada ya mkono, kutoka langoni mpaka kwenye mkeka ambapo jana yake alikuwa amekaa akimsimulia Hanadi hadithi.

"Mama," alimnong'oneza Hajati Fathiya sikioni, "nimeleta kitu nyumbani."

"Kitu gani?"

"Ongea polepole. Kinafuata sauti yangu."

Hajati Fathiya alikuwa na mzaha kwa kila jambo, hata msibani. Safari hii hakucheka. Alimkamata bintiye mkono tu, akaubana.

Tangu hapo Ikhlasi akanyamaza. Aliwaandikia wateja kwamba amepatwa na mafua, akawa anaomba chumvi kwa ishara. Alidhani kimya kitamwokoa, na hapo ndipo alipokosea, maana nyumba ile ilikuwa na sauti yake mara mbili.

Mchana wa siku ya pili, saa ile ya joto ambayo kwetu hata mbwa hulala na barabara inabaki ya majini peke yao, Ikhlasi alikuwa amejilaza kitandani na kupitia ukutani anamsikia Hanadi chumba cha pili akimbembeleza mwanasesere wake. Mara wimbo ukakatika.

"Mama, niache nilale," mtoto alisema kivivu. "Mkono wako wa baridi."

Ikhlasi alifumbua macho. Alijaribu kuinuka na mwili ukagoma, na katika kugoma huko alisikia kupitia ukutani kitu kikipapasa, polepole, bila haraka yoyote, kikigusa shuka, kikigusa mbao za kitanda, kikigusa nywele za mtoto alizozisuka Ikhlasi mwenyewe asubuhi, na pumzi zile zile nzito alizozionea huruma kule gizani, ambazo sasa alijua hazikuwa pumzi za mtu aliyeogopa hata kidogo, zilikuwa za mtu aliyengoja muda mrefu na hatimaye amefika.

"Mama, usinibonyeze macho."

Hapo mwili ukafunguka. Alivunja mlango kwa bega. Hanadi alikuwa amekaa kitandani, uso ameuinua kama mtoto anayepakwa wanja, na juu ya kila kope palikuwa na doa la masizi, la ukubwa wa kidole gumba. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi Hanadi aliikosa glasi akamwaga chai mezani.

"Bibi, fungueni dirisha basi," alilalamika. "Mbona mnakaa gizani?"

Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa chumba kizima. Ikhlasi alitoka uani, akajifunika uso kwa mtandio, akalia bila kutoa sauti.

Shehe Radi aliitwa siku ile ile. Alisoma, akafukiza, akazunguka nyumba nzima akiwa peku, kisha akaketi jasho likimtiririka. Walikaa vichwa vimegusana kama wezi.

"Huyu jini hakuvamia," alinong'ona. "Wale wanaovamia nawafukuza mimi. Huyu aliitwa, akaahidiwa haachwi. Hanisikilizi."

"Anataka nini kwa mwanangu?" Ikhlasi aliuliza kwa pumzi tupu.

"Wewe mwenyewe unajua anachokosa."

Hajati Fathiya alianza kujipiga kifua, shehe akamzuia mkono.

"Mrudishe wewe. Njia ile ile, sauti ile ile. Ukimfikisha chumbani kwake, nyamaza utoke. Na ukitoka usiseme tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asahau. Lini atasahau, binti yangu, mimi sijui, nisikudanganye."

Basi mchana uliofuata, Hajati Fathiya amemkumbatia mjukuu wake na kumziba mdomo, Ikhlasi alisimama katikati ya ua, akatupa ncha ya mtandio nyuma ya bega, akasema kwa sauti ya kazini: "Karibu. Mimi ni Ikhlasi, nitakuongoza leo. Usiogope, shika hapa, fuata sauti yangu."

Mtandio ukakaza.

Alitoka langoni akiongea, akapita kando ya mfereji akiongea, akieleza miwa na mlima na wafalme na chochote kilichomjia mdomoni, maana alihofia hata kumeza mate, na mwenye punda aliyebeba majani alimwita kwa kicheko, "Heee, Ikhlasi, leo mgeni wako kavaa nini mbona hatumwoni?", na kabla hajamaliza kucheka punda wake akapiga magoti njiani, akakataa katakata kupita, na Ikhlasi akaendelea mbele bila kugeuka, koo limekauka, shingo inakabwa na ule mtandio unaovutwa kila anapopunguza mwendo, mpaka akampita Mzee Zaghlul aliyegeuza uso ukutani, akaingia ukumbi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika kwenye giza lenyewe.

"Hapa ndipo mwisho wa ziara yetu," alisema. "Asante kwa kunisikiliza."

Akanyamaza. Mtandio haukulegea. Aliuvua shingoni, akauachia, akavua viatu na kurudi kinyumenyume akihesabu kuta kwa kiganja, na mle ndani akasikia kitu kikianza kupapasa mawe, kwanza polepole, kisha kwa pupa.

Hanadi aliamka kesho yake akauliza kwa nini Bibi ana mvi nyingi vile. Alikuwa anaona. Nyumba ilishangilia kwa machozi, na Ikhlasi alishangilia kwa kupiga makofi tu.

Ramadhani ikaja, ikapita, hakusema neno. Waongozaji wenzake walisikitika, wengine wakagawana wateja wake huku wakisikitika. Mumewe alipiga simu na sasa hakuuliza tena ni yupi. Ikhlasi alijifunza kuumua mkate. Usiku Hanadi alimlalia kifuani na kumwomba, "Mama, sema hata jina langu," naye alimpapasa mgongo mpaka alale. Hakuna lililomuuma kama hilo.

Siku ya Idi alikuwa juu ya paa na mikate yake. Chini kichochoroni watoto walikuwa wanacheza, wamevaa mapya, kila mmoja kamshika mwenzake nguo kwa nyuma. Hanadi ndiye aliyetangulia.

"Karibuni! Mimi ni Ikhlasi, nitawaongoza leo. Msiogope, shikeni hapa, fuateni sauti yangu. Mimi siwaachi!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, neno kwa neno, ikimpandia kutoka chini. Watoto walicheka. Kisha mvulana wa mwisho kwenye msururu akageuka nyuma.

"Nani kanishika shati?"

Harufu ya popo ilifika juu ya paa kabla kisahani hakijamponyoka mkononi.

Ikhlasi aliteremka ngazi akiruka. Alipofika kichochoroni msururu ulikuwa umesambaratika na Hanadi amesimama peke yake, uso ameuinua, kope zimeanza kufumbwa. Mama mtu alifungua kinywa chake kilichofungwa mwezi na zaidi.

"Mimi hapa," alisema, na sauti ilitoka na kutu. "Huyo ni mtoto, hajui njia. Nifuate mimi."

Alivua mtandio aliovaa, akaitupa ncha nyuma. Hapakuwa na upepo, na sote tuliokuwa vibarazani tuliiona ile ncha ikinyooka hewani nyuma yake.

"Mama! Umesema!" Hanadi alipiga kelele kwa furaha, akaanza kumkimbilia, na Hajati Fathiya akamdaka, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Ikhlasi hakugeuka. Alikuwa ameshaelewa jambo ambalo shehe hakulijua, kwamba jini yule hatasahau, na kwamba akinyamaza yeye itatafutwa ile sauti nyingine. Alikwenda akieleza miwa, akieleza mlima, na sauti ikazidi kuwa ndogo mpaka ikaingia mlimani.

Walioingia kumtafuta walikuta mitandio yake miwili tu, ingawa wote waliisikia sauti, kila mara chumba kimoja mbele yao. Kasri la Kipofu limefungwa tangu hapo. Wageni wanaambiwa ni kwa ajili ya popo.

Mchana, watu wakilala, Hanadi huchukua mkate akaenda nao mpaka getini, na Mzee Zaghlul humwachia nafasi kwenye benchi lake. Hukaa hapo akimsikiliza mama yake akieleza kuta, ukumbi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha tena kutoka mwanzo. Hamwiti. Siku hizi ile sauti imekuwa ya kukwaruza, na katikati ya maneno hupotea kidogo kabla ya kurudi. Kila inapopotea, Hanadi hujiziba mdomo kwa mikono miwili, akangoja.