Mkia Usiofaa

Kila asubuhi Erica alifagia uwanja wa nyumba yao ya Nkuhungu huku akili yake ikitembea kwingine kabisa. Mwalimu Ludovick alikuwa amewafundisha darasa la sita kwamba neno slow likiongezwa mkia wa -ly huwa slowly, na quick huwa quickly. Tangu siku hiyo mtoto huyo alibandika mikia kila mahali, akinong'ona peke yake mpaka uji wake ukapoa. Aliipenda kwa mlio wake laini.

"Erica! Unaota tena?" mama yake, Dorothea, alimwita. "Haya, mimi naenda zangu shambani."

Siku ya wazazi, Erica alichaguliwa kusoma kwa Kiingereza habari za mtu anayemheshimu. Alimwandika mama, ambaye hutoka asubuhi kwenda kupogoa mizabibu ya watu na kurudi jioni mgongo ukimuuma. Dorothea hakujua Kiingereza, lakini alivaa kitenge kipya akakaa mstari wa mbele. Alitaka kusikia anavyosifiwa na mwanawe.

Erica alisimama. Upepo ulichezea mapambo ya karatasi, naye akajiona katikati ya mizabibu, majani yakimwitikia. Akasoma kama anayeimba: "My mother works hardly every day."

Wazazi waliojua Kiingereza waliangua kicheko. Dorothea, akidhani wamefurahi, akapiga makofi kuliko wote.

Ndoto ikamtoka Erica. Mwalimu Ludovick alimsogelea, akamnong'oneza, "Hapo hard haitaki mkia, mwanangu. Hardly ni kidogo mno, karibu na hapana. Umesema mama yako hafanyi kazi yoyote ya maana."

Erica aliona aibu, lakini uchungu ulizidi, maana mama alikuwa bado anapiga makofi. Angeweza kwenda kukaa, na mama asingejua kamwe. Badala yake akashika kipaza sauti.

"Samahanini, wazazi wangu. Nimekosea. My mother works hard. Anafanya kazi kwa bidii kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mama, nilichosoma mwanzo kilisema wewe ni mvivu. Si kweli. Nisamehe."

Dorothea akashika kiuno.

"Kumbe nilikuwa najipigia makofi ya uvivu!"

Kicheko kililipuka tena, na safari hii yeye mwenyewe alicheka nao.

"Erica," alisema Mwalimu Ludovick, "neno likikupendeza masikioni, ulizia kwanza maana yake. Si kila kitendo kinataka neno lenye mkia. Ila umefanya jambo kubwa zaidi: umejisahihisha mbele ya wale wale waliokusikia ukikosea. Nanyi wanafunzi, mfuateni katika hilo."

"Nisomee tena," Dorothea alisema. "Hiyo ya kweli."

Erica alisoma taratibu, neno baada ya neno. Dorothea hakupiga makofi. Alisikiliza tu, machozi yakimtiririka.