Kidawa na Majiko Mawili ya Gesi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidawa alipiga pweza. Hiyo ndiyo kazi aliyopangiwa nyumbani kwao Kinjumbi. Alimbwaga pweza juu ya jiwe uani, akamtwanga kwa rungu mpaka nyama ikalegea, maana pweza asiyepigwa akichomwa huwa mgumu kama ndala. Watoto wengi waliikwepa kazi hiyo, lakini Kidawa aliipenda. Alikuwa msichana wa darasa la sita mwenye mkono mwepesi, na ubaya ni kwamba mkono huo haukuishia kwa pweza.

Mkono huo aliurithi. Baba yake, Mzee Fakihi, hakuwa mtu mbaya, lakini hasira zake zilikuwa karibu. Ukutani alitundika mkia mkavu wa samaki aitwaye taa, mrefu, wenye miba midogo ya kukwaruza, na huo ndio uliokuwa mjeledi wake. Ukikosa unachapwa, ukikana unaongezwa. Kidawa na kaka yake Hasani, aliyekuwa darasa la saba, waliujua mkia ule kuliko walivyolijua jedwali la kuzidisha.

Mwaka ulikuwa 1975. Watu walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na Mzee Fakihi alikuwa mpishi katika kambi ya wageni waliokuwa wakitafuta mafuta ardhini. Kambi ikafungwa. Siku ya kuondoka, mkuu wa kambi akamwonyesha majiko mawili ya gesi pamoja na mitungi yake, akamwambia achague moja liwe lake, na la pili ampe jirani yeyote anayempenda. Kuhusu jirani hakuwaza sana. Angempa Leonadi, Mmakonde wa nyumba ya pili, aliyemsaidia kusimamisha nyumba wakati wa kuhamia kijijini. Kazi ilikuwa kuchagua jiko.

Jiko dogo lilikaa juu ya meza. Lilikuwa na sehemu mbili za moto na wavu wa kuchomea samaki wa kutosha watu wa nyumba moja. Jiko kubwa lilikuwa na miguu, mfuniko unaong'aa, na wavu mpana wa kulaza mbuzi mzima. Lilipopitishwa kijijini juu ya trekta, watoto walilikimbilia wakishangilia. Kidawa alitembea mbele yake kwa maringo, na tangu saa ile akaanza kutangaza shuleni kwamba kubwa ni lao, na kwamba Maulidi yajayo kijiji kizima kitakula kwao.

Mama yake, Mboni, hakulewa na mfuniko unaong'aa. Alimwambia mumewe wayajaribu yote mawili kwanza, naye akakubali. Jiko kubwa walilitumia kupika samaki wa chakula cha mchana, moto ukawaka eneo lote, samaki wakakaa pembeni na kukauka, gesi ikaenda bure. Na gesi yenyewe ilitoka Dar es Salaam. Masika ikifika, lori lingekwama Rufiji wiki nzima. Jiko dogo wakalitumia vilevile, samaki wakaiva vizuri na chai ikachemka pembeni.

"Baba Hasani," mama alisema, "sisi tunakula kila siku. Wageni wanakuja kwa Maulidi na harusi. Kanzu ya sikukuu mtu haivai kwendea kulima."

Mzee Fakihi akacheka. Kila mtu uani aliona kwamba maneno yamemwingia.

Habari hiyo ilimfikia Justa kabla ya kumfikia Kidawa. Justa alikuwa binti wa Leonadi, naye alisoma darasa moja na Kidawa na kukaa naye dawati moja. Wakiwa kwenye foleni ya maji shuleni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, "Jiko kubwa linakuja kwetu, baba yako kashamwambia baba yangu. Nyinyi mtabaki kuchomea dagaa."

Watoto wakacheka. Kidawa alikuwa ameshika kata ya kuchotea maji, akampiga nayo Justa mdomoni. Mdomo ukapasuka. Justa hakulia, alimrukia, akamkamata nywele na kumng'ata begani, wakaanguka wote wawili mchangani wakipigana ngumi na mateke huku wenzao wamewazunguka wakipiga kelele. Mwalimu Ambrosi alipowaachanisha, sare zao zilikuwa na damu. Aliwachapa wote wawili mbele ya paredi. Maumivu ya fimbo yaliisha kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Kicheko cha wenzake ndicho kilichobaki kikimwasha Kidawa.

Alipofika nyumbani hakukuwa na mtu. Mama yake alikuwa kwenye shamba la kijiji, baba yake msikitini. Kidawa alichukua wembe, akainama nyuma ya meza, akaukata mpira unaotoa gesi kwenye mtungi na kuipeleka kwenye jiko dogo. Aliukata mara mbili, mara moja katikati, na mara nyingine chini kabisa, karibu na shingo ya mtungi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: moto utakuwa hafifu, baba ataliona jiko dogo kuwa bovu, kubwa litabaki kwao, na Justa atafunga mdomo. Mtoto mwenye hasira huwa na akili nyingi, ila zote zinatazama upande mmoja.

Jioni mama alimtuma Hasani abandike chai. Hasani akafungua koki ya mtungi, kisha akaanza kutafuta kiberiti. Hakukiona mezani, akaenda kukitafuta chumbani, akarudi nacho. Muda wote huo gesi ilikuwa ikivuja na kujaa chini ya meza. Alipowasha njiti, moto ulilipuka kwa kishindo, ukamrusha nyuma. Aliukinga uso kwa mkono wa kulia, na mkono ndio uliowaka. Mama alimfunika kwa kanga, akauminya moto kwa mikono yake, baba akaruka na kufunga koki. Hasani alipiga yowe ambalo Kidawa hakuwahi kulisikia kwa mtu.

Kwenye zahanati, mganga aliyeitwa Modesti aliuosha ule mkono na kuufunga. Alisema mtoto ataupata mkono wake, lakini kwa taratibu, na asidhani ataandika karibuni. Hasani alikuwa anajiandaa na mtihani wa kumaliza darasa la saba. Kidawa alisikia maneno hayo akiwa mlangoni.

Mabaya zaidi yalikuwa nyumbani. Mzee Fakihi alilikagua jiko, akaiona ile sehemu iliyokatwa katikati ya mpira. Ilikuwa imekatwa kwa kitu chenye makali. Akakumbuka kwamba asubuhi Hasani alikuwa amekaa palepale mezani akikata chambo kwa kisu. Akamwuliza. Hasani akasema hakukata mpira wowote. Baba akaufuata mkia wa taa ukutani.

Alimchapa mgongoni. Kila pigo aliuliza, na kila akiuliza Hasani alijibu, "Sikukata, baba." Na kwa kuwa anayekana huongezwa, baba aliongeza. Shati lilipasuka. Mama alijaribu kuingia katikati, akasukumwa mpaka ukutani. Hasani alipiga magoti, ameuinua mkono uliofungwa bandeji ili usiguswe, akawa anarudia neno lile lile kwa sauti inayozidi kuwa ndogo. Kidawa alisimama karibu na mtungi wa maji. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mkia unaopanda na kushuka, na mdomo ukajifunga wenyewe. Alikuwa mwoga, na yeye mwenyewe alijua.

Kesho yake Mzee Fakihi alitangaza kwamba jiko dogo halimfai, atachukua kubwa. Aliuzungushia mpira pale katikati kipande cha tyubu ya baiskeli, akakifunga kwa nguvu, akamwita Leonadi aje achukue lake. Leonadi alikuja na furaha zote. Alisema mke wake, Valeria, ana kifua, moshi wa kuni unamkosesha raha, na hili dogo ndilo hasa alilokuwa akiliombea. Akalibeba jiko, na kijana mmoja wa jirani akabeba mtungi.

Kidawa alikuwa amekipata alichokitaka. Jiko kubwa lilisimama uani na mfuniko wake. Aliligeuzia mgongo, akatazama nyumba ya Leonadi, na hapo ndipo alipokumbuka ile sehemu ya pili, ya chini, ambayo baba yake hakuiona.

Kupitia mlango uliokuwa wazi, alimwona Valeria akivuta meza karibu, mtoto wake mdogo amembeba mgongoni. Justa alikuwa ameinama akifungua koki. Leonadi alikuwa akipapasa mfukoni. Ukisema sasa utachapwa mpaka uzimie, Kidawa alijiambia. Usiposema, wataungua, na mtoto yule. Akatimua mbio.

Aliingia bila hodi. Valeria alikwisha kushika njiti. Kidawa alimpiga mkono, njiti zikatapakaa sakafuni. Justa alidhani ugomvi wa shule umeletwa nyumbani, akamtandika konzi ya shavu, na Leonadi akamkamata Kidawa kwa ukosi wa gauni na kumzaba kibao kilichompeleka chini.

"Msiwashe," Kidawa alisema akiwa pale chini, damu ikimtoka puani. "Gesi inavuja. Mpira nimeukata mimi, na chini pia umekatwa."

Valeria akanusa, akarudi nyuma na mtoto wake mpaka nje. Leonadi akafunga koki, akautoa mtungi uani, akainama na kukipitisha kidole kwenye mpira, karibu na shingo yake. Ukucha ukaingia kwenye mkato. Alimtazama Kidawa, akatazama kile kiganja kilichompiga, akakificha nyuma.

Kelele zilikuwa zimekwisha kumfikia Mzee Fakihi. Alikuja na mkia wa taa mkononi, mama na Hasani wakimfuata. Kidawa hakusubiri kuulizwa. Alimwambia baba yake yote, tangu maneno ya Justa kwenye foleni mpaka wembe, na kwamba Hasani alichapwa kwa kosa lisilo lake huku yeye akitazama. Hakuacha kitu.

Baba alinyanyua mkia. Pigo la kwanza lilimpata Kidawa begani, akayumba. Alipounyanyua mara ya pili, Hasani alisogea na kuudaka ule mkia hewani kwa mkono wake mzima. Miba ilimchana kiganja lakini hakuachia. Baba alivuta, mtoto akavuta, na watu wakaona mzee anashindana nguvu na mwanawe majeruhi.

Mama Hasani akaja kusimama mbele ya mumewe. Hakupaza sauti. "Jana ulimpiga aliyesema kweli," alisema, "leo unampiga aliyesema kweli. Kesho nani atakuambia kweli katika nyumba hii?"

Mzee Fakihi alimtazama Hasani, mkono mmoja kwenye bandeji, wa pili ukivuja damu kwa mjeledi wake. Kisha akauachia mkia, akaketi kwenye kizingiti cha Leonadi. Akasema, "Hasani, mwanangu, nimekukosea. Naomba unisamehe." Hasani alilia hapo, siku ile ambayo hakuchapwa.

Majiko yakachaguliwa upya, safari hii kwa akili. Jiko dogo lilipata mpira mpya, nalo likaenda kwa Valeria, kwa kuwa kifua chake ndicho kilichokuwa na shida kubwa kuliko zote. Kubwa lilibaki kwa Mzee Fakihi, lakini mama alisema halitawashwa kwa samaki wa mchana, wao watarudi kwenye kuni na mkaa kama zamani. Litawashwa kwa Maulidi, kwa Krismasi ya akina Leonadi, na kwa harusi ya yeyote katika mistari ile ya nyumba. Kidawa alikwenda kwa Justa kumwomba radhi. Justa alimkubalia bila kumtazama, na ilichukua muda mrefu kabla hawajakaa tena dawati moja.

Hasani hakufanya mtihani mwaka ule. Ilibidi arudie darasa la saba pamoja na Kidawa na wenzake. Kila jioni Kidawa ndiye aliyembadilishia bandeji na kumkatia chakula, na kwa wiki nyingi kaka yake hakumwambia neno isipokuwa "taratibu." Siku bandeji ilipotolewa kabisa, ngozi ilikuwa nyekundu, imejikunja, na vidole viwili havikunyooka. Mzee Fakihi alikuwa amekaa pembeni akiangalia.

"Kidawa," alisema, "kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilikuogopa, baba."

"Hilo ni kosa langu, na nimeanza kulirekebisha," baba alisema. "Lakini lako lisikilize. Ulipokata mpira ulikuwa na hasira, na hasira hupita. Uliponyamaza ulikuwa na akili zako timamu, na mwenzako anaumia mbele yako. Ukikosa tena, njoo kwangu moto ungali haujawashwa. Sitanyanyua mkono. Ila ukichelewa, hata mimi nikikusamehe, hata kaka yako akikusamehe, ngozi hii hairudi."

Kidawa aliutazama ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. "Nimekuelewa, baba," alisema.