Mstari wa Bibi Mastura

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha ndoo za maziwa, Hasina alikwenda kwenye ofisi ya kikundi cha wafugaji, nje kidogo ya mji wa Muheza. Alikuwa darasa la sita. Katibu wa kikundi alikuwa mjomba wake, Sabiri, na ndiye aliyekuwa akimfundisha kompyuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kanawe tena, mikono inanuka zizi."

Kumbukumbu za kikundi zilikaa ndani ya kompyuta katika orodha tatu. Ya kwanza ilikuwa ya wafugaji, kila mmoja na namba yake. Ya pili ilikuwa ya ng'ombe: namba ya hereni ya sikioni, na pembeni yake namba ya mwenye ng'ombe. Ya tatu ilikuwa ya chanjo, na kila chanjo iliandikiwa namba ya ng'ombe aliyechanjwa.

"Mbona kwenye ng'ombe huandiki jina la mwenyewe?" Hasina aliuliza.

"Jina linakaa mahali pamoja tu. Kwani akina Hasina Muheza hii ni wangapi? Namba ndiyo kamba. Ishike, itakutoa kwenye chanjo ikupeleke kwa ng'ombe, ikutoe kwa ng'ombe ikufikishe kwa mwenyewe."

Jumamosi moja walikuwa wakifuta watu waliokihama kikundi. Walipofika namba kumi na saba, mkono wa mjomba ukasita. Mastura Shekhe. Huyo alikuwa bibi yake Hasina, mama mzazi wa mjomba, aliyefariki miezi miwili iliyopita. Mjomba aliuruka mstari ule, akasema anakwenda kupokea maziwa, akatoka.

Hasina alimwonea huruma. "Nitamfutia mimi, asiuone tena," alijisemea. Akabonyeza. Kompyuta ikakataa: kuna ng'ombe anayetegemea namba hii. Akauendea mstari wa Kito, ng'ombe wa Bibi aliyebaki zizini kwao. Ikakataa tena: kuna chanjo zinazomtegemea.

Mtoto huyu alikuwa mkaidi. Akaanzia chini. Alifuta chanjo moja moja, akamfuta Kito, kisha akamfuta Bibi. Safari hii kompyuta haikusema kitu. Hasina naye hakumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi Kito hakuinuka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mwili wake ulichemka kwa homa, na majani hakuyataka. Mama yake Hasina akampigia simu daktari wa mifugo, Devota, naye akafika kwa pikipiki.

"Hii ni ndigana, homa ya kupe," Devota alisema baada ya kumpima. "Lakini ni kali au baridi? Dawa zake ni mbalimbali, na muda hatuna. Alishachanjwa ndigana kali?"

"Hayo aliyajua marehemu mama," Mama alijibu.

Devota akampigia mjomba, akaweka simu sauti kubwa, akamsomea namba ya sikioni.

"Huyo hayumo," mjomba alisema. Akatafuta kwenye orodha ya wafugaji. "Na mama hayumo. Mama yangu hayumo! Labda ni huu umeme wa kukatikakatika."

Mama akaketi juu ya ndoo. "Miezi miwili tu, na jina lake limeshapotea?"

Hasina alikuwa amekipakata kichwa cha Kito. Lawama ilikuwa imebebwa na umeme. Akinyamaza, nani angejua? Kito akakoroma kwa shida mapajani mwake.

"Mjomba, si umeme," alisema kwa nguvu ili simu isikie. "Ni mimi. Nilifuta chanjo, nikamfuta Kito, nikamfuta Bibi. Nilitaka usihuzunike."

Hasina alisubiri kutukanwa.

"Msikate," mjomba alisema. "Nina nakala ya Jumatatu iliyopita kwenye flashi. Leo mchana ningeweka mpya juu yake, na ya zamani ingepotea." Wakasikia vidole vikibonyeza. "Namwona. Alichanjwa ndigana kali mwezi wa tatu."

"Basi kwa vyovyote hii ni baridi," alisema Devota, tayari akivuta dawa kwenye sindano.

Siku ya tatu Kito alisimama, akala, akamwaga na ndoo ya maji kwa makusudi. Jioni Mama na Hasina walikwenda ofisini. Hasina alidhani anakwenda kufukuzwa, lakini mjomba alimvutia kiti.

"Kito ana mwenyewe mpya. Toa kumi na saba pembeni yake, weka namba ya mama yako."

Hasina akaweka. Kito akahamia kwa Mama na chanjo zake zote.

"Sasa nenda kwa Bibi. Kwenye hali ya mwanachama andika 'marehemu'. Usimfute."

Hasina akaandika. Mama akanyoosha kidole, akaligusa jina la mama yake kwenye kioo.

"Kompyuta ilipokukatalia haikukuonea," mjomba alisema. "Ilikuwa inakuuliza: huyu akiondoka, wanaomtegemea wabaki na nani? Swali kama hilo ukikosa jibu lake, uliza watu. Usizunguke mlango wa nyuma." Akajifuta macho bila kuona haya. "Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Wewe ulichelewa siku mbili, Hasina. Lakini ulisema kweli wakati ulipoweza kunyamaza, na ndiyo maana ng'ombe wa mama yangu yuko hai."