Faiz Alikuwa Chini Siku ya Posa

Zamani nyumba yetu ya Apple Valley, hapa Marekani, ilikuwa na kelele nzuri. Kaka yangu Faiz alirudi asubuhi kutoka kazi ya usiku kwenye ghala moja mjini Shakopee, na badala ya kulala alimsaidia Mama kusukuma mahamri. Aliwaigiza mashangazi wa Mombasa wakigombania kiti harusini. Mama alicheka mpaka mafuta yakaungua. "Utanichomea nyumba, wewe," alimwambia. Nje kulikuwa na theluji, lakini jikoni mlinukia iliki, nasi tulikuwa kwetu. Ninazikumbuka asubuhi zile.

Kisha Faiz akabadilika. Aliacha kulala. Akaacha kula nasi. Akaacha kazi. Ukimwita, aliitika kama mtu aliye mbali. Mama alisema ni jicho la watu. Baba alisema ni uvivu. Jambo moja tulikubaliana sote: watu wasijue.

Hapo ndipo posa yangu ikaja. Familia moja ya mji wa Blaine ilitaka kuja kuniposa kwa ajili ya kijana wao. Kwetu, kabla ya posa watu huuliza: kwao kuna kifafa? Kuna wazimu? Basi siku ya wageni, Baba alimwambia Faiz ashuke chumba cha chini, asipande mpaka wageni waondoke. Faiz hakubisha. Alichukua mto wake akashuka.

Jirani yetu Dinah alikuja kutusaidia kupika. Ni Mkenya mwenzetu, muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili, na alikwisha kuona Faiz alivyobadilika ingawa hatukumwambia.

"Mama Faiz, kijana yuko wapi?" aliuliza akimenya vitunguu.

"Amelala."

"Wapi?"

"Chini," alisema Mama.

Dinah akaweka kisu. "Na ile bastola mumeo Mzee Abdalla aliyonunua wezi walipovunja duka lake, iko wapi?"

Mama akageukia sufuria. Nikajibu mimi, ingawa si kawaida yangu kusema mbele ya wakubwa.

"Chini. Kabatini."

"Limefungwa?"

"Halina ufunguo."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Dinah, mwanangu si muuaji."

"Sijasema hivyo, Mzee."

"Kwenye televisheni, kila mara watu wakipigwa risasi wanasema ni mwenye wazimu."

"Wanasema. Mimi nawauguza. Wengi hawamdhuru mtu yeyote. Ninachoogopa ni Faiz kujidhuru mwenyewe. Mgonjwa huwa na saa mbaya, na saa ile hupita. Lakini bunduki ikiwa karibu, huenda asiivuke saa ile."

"Basi unataka watu wote wanyang'anywe bunduki, kama wale wanaoandamana Saint Paul kwenye bunge la jimbo?"

"Hilo nchi nzima inalibishania. Mimi na wewe tutabishana siku nyingine tukinywa kahawa. Leo nazungumzia kabati moja. Tangulia ukaitoe. Halafu Kibibi," alisema akinitazama, "amuulize kaka yake kama anafikiria kufa."

"Usimtie mtoto maneno hayo kichwani," alisema Mama.

"Kuuliza hakumpi mtu wazo, Mama Faiz. Kunampa nafasi ya kusema."

Tulishuka. Faiz alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kabati lile. Baba alisimama mbele yake. Kisha akainama.

"Sogea kidogo, baba," alimwambia mwanawe.

Faiz akasogea. Baba akatoa sanduku la bastola, akapanda nalo.

Mimi nikakaa sakafuni. "Kaka, unafikiria kufa?"

"Ndiyo. Tangu juzi. Nimewazibia njia. Hata wewe hutaolewa kwa sababu yangu."

"Basi nisiolewe. Twende juu."

Tulipanda. Dinah alipiga 988, namba ambayo mtu yeyote hapa Marekani hupiga bure, mchana na usiku, mawazo yakimzidi. Faiz alizungumza na mshauri aliyepokea, Mama akiwa amemshika bega. Baba naye aliwapigia polisi. Dinah alikuwa amemwonya asibebe bastola kwenda kituoni kabla ya kuwauliza. Afisa akaja kuichukua wakaihifadhi.

Wageni walifika gari la polisi likiondoka.

"Kuna nini, Mzee Abdalla?" aliuliza mjomba wa kijana.

Nilimtazama Baba. Angeweza kusema ni wezi.

"Mwanangu anaumwa," alisema. "Ni ugonjwa wa akili. Nimetoa bunduki nyumbani. Karibuni, chai iko tayari."

Faiz alikaa nasi mezani. Wageni walikunywa chai, wakaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Wiki zikapita bila simu.

Hatukuwa na nafasi ya kuhesabu wiki. Faiz alipata daktari, dawa, na mtaalamu wa kuzungumza naye. Kuna wakati aliacha dawa, akarudi nyuma. "Ni kama kisukari," Dinah alituambia. "Huponi kwa siku moja. Msimkemee." Polepole akaanza kula. Baba aliamua bastola isirudi kabisa.

Siku moja mama wa yule kijana alipiga simu. "Watu waliosema ukweli mlangoni," alimwambia Mama, "watatuficha nini ndani?"

Siku ya nikaha, Baba alimtaja Faiz kuwa shahidi. Mimi nilikuwa chumba cha pili na wanawake, mlango uko wazi kidogo. Nikamwona yule mjomba akimwinamia sheikh sikioni.

"Shahidi sharti awe na akili timamu," sheikh alisema.

"Muulize mwenyewe," alisema Baba.

"Kijana, umesikia mahari?"

"Nimesikia, sheikh. Na mjomba akikunong'oneza pia nimemsikia."

Watu wakacheka, na mjomba mwenyewe akacheka. Mama alinifinya mkono chini ya buibui. Kisha nikasikia sheikh akimwita kaka yangu kwa jina lake lote, Faiz bin Abdalla, aje atie sahihi.