Dimbwi Lililochemka Bila Moto

Asubuhi moja baada ya mvua nilikuwa nafagia uani. Nyuma ya chumba cha mama mkwe palikuwa na dimbwi, nalo lilikuwa linachemka. Nilitumbukiza kidole. Maji yalikuwa baridi!

"Mama wee!" nilipiga kelele.

Mama mkwe alitoka, mwanangu mchanga mgongoni. "Si niliwaambia? Chini ya kitanda changu kuna kitu kinapumua."

Kweli alituambia, nasi tukamcheka. Paka alikihama chumba kile, tukacheka. Mama akaamka kichwa kizito, tukasema uzee huo. Sasa nywele zilinisimama. Mwanangu alikuwa analala humo na bibi yake.

Mume wangu alimleta afisa mazingira wa halmashauri. Afisa huyo, mwanamke, aliinama akasikiliza ufa wa sakafu. Fyuuu.

"Sitawadanganya, sijui ni nini," alisema. "Hameni chumba hiki mpaka nirudi."

Nilikasirika. Afisa gani huyu hajui? Tulibanana sebuleni, na sauti ile tuliisikia ukutani.

Kumbe afisa hakukaa kimya. Aliibana halmashauri, ikampeleka mafunzoni pamoja na fundi bomba na mwenyekiti wa mtaa wetu. Walirudi na kipimo kidogo. Mwenyekiti alikiweka kwenye ufa. Kikalia kwa ukali, sote tukaruka nyuma.

"Bibi alisema kweli," afisa alisema. "Hapa palikuwa jalala. Taka zilizofukiwa zinaoza na kutoa gesi, ndiyo iliyotoa mapovu dimbwini. Huioni, na huenda usiinuse. Ikijaa chumbani, kiberiti kimoja tu kinalipua nyumba."

Siku chache kabla hatujahama, nilitaka kumpelekea mama jiko la mkaa aote moto!

Fundi alisimika mabomba ya kutoa gesi chini ya sakafu hadi juu ya paa, kisha akaziba nyufa. Tukafundishwa kutenga mabaki ya chakula tutengeneze mbolea, ili jalala jipya lisije likawa kama hili.

"Na wewe ukihamishwa?" mume wangu alimuuliza afisa.

"Mwenyekiti anajua kupima, fundi anajua kurekebisha. Ofisini nawafundisha wenzangu."

Mwenyekiti alipima tena chumbani. Kipimo kilikaa kimya. Paka aliingia mwenyewe, akajilaza. Mama akamlaza mjukuu wake kitandani.

Nilitoka nikatega sikio kwenye bomba. Fyuuu.

"Mama, bado kinapumua!"

"Kiache kipumue," alijibu kutoka dirishani. "Nami sasa namsikia mjukuu wangu akipumua."