Kifaranga Kando ya Buti

Mwatime ana miaka sita. Mama yake ni mtaalamu wa ndege.

Mwaka huu walisafiri mpaka kaskazini kabisa mwa dunia. Huko hakuna hata mti mmoja. Kuna majani mafupi, mawe, na upepo. Vuuu, vuuu.

Yalikuwa majira ya joto, lakini Mwatime alivaa koti. Na jua halikuzama, hata usiku.

Katikati ya mawe palikuwa na kiota cha kitwitwi. Kitwitwi ni ndege mdogo mwenye miguu myembamba. Vifaranga wake wanne walikuwa wametoka mayaini siku hiyo.

Mwatime alinyoosha mkono. "Nimshike mmoja?"

"Hapana, mwanangu," alisema Mama. "Tunatazama tu. Hatugusi."

Twii! Twii! Kitwitwi aliita kwa ukali.

Mbweha alikuwa anakuja, pua chini, akinusanusa.

Vifaranga walitawanyika. Mmoja alikimbia, tiki tiki tiki, akajibanza kando ya buti la Mwatime.

"Mama," Mwatime alinong'ona, "yuko mguuni kwangu."

"Basi usisogee hata kidogo."

Mwatime hakusogea. Mbu alitua puani kwake. Ngiii. Hakusogea.

Tunatazama tu. Hatugusi.

Kitwitwi alitua mbele ya mbweha. Akaburuta bawa moja, kama limevunjika.

Mbweha akamfuata. Kitwitwi akajiburuta mbele kidogo. Mbweha akamfuata tena. Wakavuka kijito. Wakapotea nyuma ya kilima.

"Atamkamata?" Mwatime aliuliza.

"Sijui," alisema Mama.

Walingoja. Mguu wa Mwatime ulikufa ganzi. Machozi yalimlengalenga. Bado hakusogea.

Tunatazama tu. Hatugusi.

Pruuu! Kitwitwi alirudi akiruka. Mabawa yake yote mawili yalikuwa mazima.

"Kumbe alikuwa anamdanganya," alisema Mwatime.

"Ndiyo. Amempeleka mbali na watoto wake."

Twii, kitwitwi aliita polepole. Kifaranga mmoja alitoka kwenye mawe. Wawili wakatoka majanini. Wa butini akakimbia, tiki tiki tiki. Wote wakaingia chini ya tumbo la mama yao.

Sasa Mwatime aliweza kukaa chini. Alitazama, akahesabu kimyakimya.

Mama alimbeba mgongoni mpaka hemani, akamfunika blanketi.

"Mama, nimeona ndege mwenye miguu kumi."

"Kumi?"

"Miwili yake. Minane ya watoto."

Mama alicheka kidogo. "Sogea, nami nilale."

Mwatime alisogea. Nje jua lilikuwa linawaka, na wote wawili wakalala.